Sweta la vifungo lililonusurika kukatwa mikono: uchambuzi wa kisa kimoja cha umaliziaji

Sweta lenyewe ni la vifungo, rangi ya damu ya mzee. Lilifumwa kwa mkono na mwalimu mmoja wa shule ya msingi hapa Njombe, amfumie mama yake anayeishi Makete. Anayeijua Makete ya mwezi wa sita na wa saba, asubuhi sakitu ikiwa imelala kwenye majani, anaelewa kwamba sweta la mzazi wa kule si pambo. Uzi ni akriliki tupu, mabonge ya gramu 100, na sindano ni za milimita 4. Maelekezo aliyapata kwenye intaneti, na yalikuwa yameandikwa kwa mtu anayefumia sufu.

Lilinifikia likiwa limeshashonwa, limewekwa vifungo na kupigwa pasi. Bibi, yaani huyo mama yake mwalimu, alikuwa amelijaribu wakati wa Pasaka, likarudi Njombe na malalamiko manne. Mikono mirefu, inafunika vidole. Ukanda wa vifungo unapiga mawimbi kama mtu aliyeushona akiwa na haraka. Kifuani panaachama kati ya kifungo na kifungo. Pindo la chini limelegea, limetanuka, halirudi. Fundi cherehani wa jirani alikuwa ameshampa mwalimu ushauri: mikono ikatwe sentimita tatu na kupitishwa ovaloki, ubavuni viongezwe vipande vya kitambaa cha kuvutika, na ukanda wa mbele upigwe pasi ya moto mpaka utulie.

“Mama, nimeshachoka nalo,” mwalimu aliniambia. “Kama ni kukata, tukate tu.”

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu ufumaji wa mwalimu huyu ni mzuri. Vitanzi vyake vimelingana, hakuna mstari uliorukwa, kingo zimenyooka. Sweta liliharibikia mahali ambapo masweta mengi ya mkono huharibikia, yaani kwenye kuunganisha, kuokota vitanzi vya kingo (kuchukua vitanzi vipya ukingoni ili kufumia ukanda) na kunyoosha. Kila lalamiko kati ya yale manne lilikuwa na chanzo chake huko. Na kama mkasi ungetangulia, mikono ile ingekuja kuwa mifupi na pasingekuwa na njia ya kuirudisha.

Futi kwanza

Nilimwomba mwalimu aniletee vipimo vya bibi vilivyochukuliwa mwilini, si vya kukisia na wala si vya gauni lake la zamani. Akapiga simu kwao, dada yake akampima bibi akiwa amesimama. Kifua sentimita 98. Bega hadi bega kwa nyuma, 38. Kutoka mfupa wa shingo kwa nyuma, kupitia begani, hadi kifundo cha mkono, mkono ukiwa umekunjwa kidogo, 72. Kipimo hiki cha tatu ndicho watu wengi hukisahau, wakaishia kupima mkono wa sweta peke yake, na kumbe mkono huanza kuning'inia pale bega la sweta linapoishia, si pale bega la mtu linapoishia.

Kisha sweta. Nililitandaza lote mezani, hakuna sehemu inayoning'inia, nikahesabu vitanzi na mistari ndani ya sentimita 10 sehemu tatu tofauti: mgongoni, mbele, na katikati ya mkono. Kote nilipata vitanzi 21 na mistari 30. Maelekezo yalitaka vitanzi 20 na mistari 28. Kitanzi kimoja cha ziada kinaonekana si kitu, ila hapa tuna mgongo wa vitanzi 110 na mbele mbili za vitanzi 52 kila moja, jumla 214. Kwa mtungaji wa maelekezo, baada ya kutoa kitanzi kimoja kila ukingo wa ubavu kwa ajili ya mshono, vinabaki 210, sawa na sentimita 105. Ongeza ukanda wa mbele wa sentimita 3 na mzunguko unakuwa 108. Bibi wa kifua 98 angebaki na nafasi ya sentimita 10. Kwa mkono wa mwalimu, vitanzi 210 vilevile ni sentimita 100, na pamoja na ukanda 103.

Lakini futi ilinipa 101, si 103. Sentimita mbili zilikuwa zimepotelea kwenye mishono ya ubavu. Nilipogeuza sweta ndani nje nilizikuta: mwalimu alishona kwa mshono wa kurudia, kama anavyoshona gauni, akala vitanzi viwili vizima kila ukingo. Kingo nne za ubavu, vitanzi vinane. Ndani palikuwa na tuta nene kama penseli kutoka kwapani hadi kiunoni. Hiyo ndiyo sababu ya kifua kuachama: bibi amebakiwa na nafasi ya sentimita 3 peke yake, tena vifungo ni vitano tu kwenye ukingo wa zaidi ya nusu mita, na hakuna hata kimoja kinachoangukia usawa wa kifua.

Halafu mikono. Kwa kuwa mistari yake ni 30 badala ya 28, mkono aliofuma kwa kuhesabu mistari 126 ulitoka sentimita 42 kutoka kwapani hadi kifundo, na si 45 za kwenye maelekezo. Maana yake mikono ni mifupi kuliko ilivyokusudiwa, na bado inafunika vidole! Hapo ndipo nilipomwambia mwalimu aweke mkasi chini. Mgongo wake juu ya kwapa una vitanzi 80. Gawanya kwa 21, unapata sentimita 38, sawasawa kabisa na mgongo wa bibi. Lakini futi, bega hadi bega, ilisoma 42. Vitanzi havikuongezeka, kwa hiyo kilichotokea ni kwamba mabega yamevutika. Mshono wa begani ulikuwa wa kuzungushia, umelegea, na uzito wa mikono miwili ulikuwa unauvuta kila sweta linapovaliwa au kutundikwa. Bega la sweta lilikuwa limeteremka sentimita mbili kila upande.

Hesabu yake ni hii. Nusu ya mgongo uliovutika ni 21. Mkono kwa juu, ukijumlisha na kile kichwa cha mkono kinachoingia begani, ni 54. Jumla 75, na bibi anahitaji 72. Zile sentimita tatu ambazo fundi alitaka kuzikata ndizo hizo. Ukirudisha bega kwenye 38, nusu yake ni 19, jumla inakuwa 73. Imebaki sentimita moja, na mtu anayevaa sweta juu ya gauni na khanga ataimaliza bila kujua. Mikono haikuwa na tatizo lolote.

Ukanda wa mbele ulikuwa kosa la hesabu tu. Ukingo wa mbele una mistari 154, kama sentimita 51. Mwalimu aliokota kitanzi kimoja kwa kila mstari, vitanzi 154. Ukivilaza kwa kipimo chake cha vitanzi 21 kwa sentimita 10, ni ukanda wa sentimita 73 ulioshikizwa kwenye ukingo wa sentimita 51. Hakuna pasi duniani itakayoutuliza.

Akriliki na pasi

Hapa lazima nikae kidogo, kwa sababu ndipo maelekezo ya mitandaoni yanapowapoteza wafumaji wetu. Karibu yote humalizia kwa neno moja: lowesha, nyoosha kwa pini, acha likauke. Kwa sufu hilo ni sahihi. Sufu inaweza kubeba unyevu wa karibu theluthi ya uzito wake kabla hujahisi kwamba imelowa. Nyuzi zake hulainika zikiwa na maji, na zikikauka zikiwa zimenyooshwa hukaa hivyo mpaka zitakapofuliwa tena. Ukiokota vitanzi vingi kidogo, au ubavu ukipinda kidogo, maji na pini vitakusamehe.

Akriliki ni plastiki. Hainywi maji ya maana. Uilaze na pini mpaka kesho, ukiitoa inarudi ilivyokuwa. Kinachoibadilisha ni joto, na joto likiibadilisha haibadiliki tena. Mvuke kidogo, pasi ikiwa imeshikiliwa juu bila kugusa, hulainisha mshono vizuri. Pasi ikigusa na kukandamiza, uzi unalala, unang'aa, unakuwa laini kama kitambaa cha hariri, na ule mvuto wake wa kurudi unakufa. Ribu, yaani ule ufumaji wa mifereji wa pindo na wa mikononi unaovutika na kurudi, ikifa hivyo, haifufuki kwa maji ya baridi wala kwa kufuliwa upya.

Ndicho kilicholipata pindo la chini. Mwalimu aliona ribu inajikunja, akaitandika kitambaa, akaikandamiza kwa pasi. Ukiishika kwa vidole viwili na kuivuta, ribu za mikononi zilikuwa zinaruka kurudi; ile ya chini ilikuwa inabaki palepale ulipoiacha. Hakukuwa na la kufanya zaidi ya kuifumua na kuifuma upya, na uzi wake usitumike tena popote.

Kwa anayefumia akriliki, basi, umbo lote lazima litoke kwenye sindano na kwenye mshono. Ndiyo maana ninasisitiza hesabu kiasi hiki. Uzi unaopatikana kwa urahisi madukani mwetu ni huu, na ni uzi mzuri kwa kazi nyingi: hausinyai, hauliwi na nondo, unafulika. Lakini hausamehi.

Kazi yenyewe, na mpangilio wake

Mpangilio ulikuwa na maana kuliko ufundi wowote. Mabega kwanza, kwa sababu kila kipimo kingine kinaning'inia kutoka hapo. Kisha ubavu, kisha pindo la chini, kisha shingo, na ukanda wa vifungo mwisho kabisa, kwa kuwa ukanda unapita kwenye ukingo wa pindo na wa shingo na lazima vyote viwili viwe vimeshakaa.

Nilifumua mishono yote isipokuwa ya mikono kwa urefu wake, ambayo ilikuwa imepona. Kufumua mshono wa uzi uleule na kitambaa, rangi ya damu ya mzee juu ya damu ya mzee, kunataka mwanga wa mchana. Usiku utakata kitanzi badala ya mshono.

Begani nilishona upya kitanzi kwa kitanzi, mbele na nyuma zikitazamana, nikikaza kila baada ya vitanzi vichache. Kisha utepe wa pamba wa upana wa sentimita 1, niliokuwa nimeuloweka na kuukausha kwanza ili usije ukasinyaa ukiwa ndani ya sweta. Niliukata kwa kipimo cha bibi, 38 pamoja na kukunjia ncha, nikaushona kwa ndani kutoka bega moja hadi la pili kupitia nyuma ya shingo. Sweta ndilo lililolazimishwa kulingana na utepe, si utepe kulingana na sweta: nilibana ncha mbili na katikati kwa pini, kisha nikagawa ule ulegevu uliobaki kidogo kidogo. Mshono wenyewe ni mdogo, unashika mgongo wa kitanzi tu, hauonekani nje. Kwa maoni yangu, sweta lolote zito la akriliki linastahili utepe huu hata kama halijaanza kuteremka. Ni kazi ya saa moja na huokoa umbo lote.

Ubavuni nilitumia mshono wa ngazi. Vipande viwili vinalazwa ubavu kwa ubavu, upande mzuri ukikutazama. Ukivuta kidogo kitanzi cha ukingoni utaona vijiti vidogo vya uzi vimepangana kati yake na jirani yake, kimoja kila mstari. Mshono wa kawaida wa ngazi hupita chini ya vijiti hivyo na kula kitanzi kimoja kila upande. Hapa nilisogea nusu kitanzi zaidi nje, nikapita katikati ya kitanzi cha ukingo, ili kila upande upoteze nusu tu na nusu mbili zikikutana zifanye kitanzi kimoja kizima. Inawezekana ukingo ukiwa umefumwa sawasawa, na wake ulikuwa hivyo. Vitanzi nane vilivyokuwa vimemezwa na mishono vilishuka hadi viwili. Mwili ukarudi kuwa na vitanzi 212, sawa na sentimita 101 bila ukanda, na lile tuta la ndani likaisha.

Hapo mwalimu aliuliza tena kuhusu vipande vya kuongeza ubavuni. Niliona havihitajiki. Ukanda wa mbele ulikuwa wa sentimita 3. Nikiufanya wa 5, mzunguko unakuwa 106, na bibi anapata nafasi ya sentimita 8. Inamtosha mtu anayevaa gauni chini. Kipande cha kitambaa cha dukani kingekuwa na mvutiko wake mwenyewe, tofauti na wa sweta, na baada ya kufuliwa mara chache kila kimoja kingekwenda njia yake.

Urefu wa mwili nao ulikuwa pungufu, sentimita 58 badala ya 62, kwa sababu ileile ya mistari. Nao tuliuacha. Bibi ni mfupi, na anafunga khanga kiunoni kila siku. Sweta refu lingejikusanya juu ya fundo na kusukuma ukanda wa vifungo mbele. Si kila tofauti na maelekezo ni kasoro.

Pindo ndilo lililokuwa la kutazamisha, kwa sababu mwalimu alikaa pembeni na hakuamini. Nilipitisha uzi mwembamba wa pamba ndani ya kila kitanzi cha mstari mmoja juu ya ribu, kuzunguka mwili mzima, ili chochote kikikatika kisiteremke kupita hapo. Halafu nikakata uzi sehemu moja tu kwa kila kipande, kitanzi kimoja kando ya ubavu, kwenye mstari ulio chini ya ule uliolindwa. Kutoka hapo unauvuta ule uzi kitanzi baada ya kitanzi, na pindo linaachana na sweta taratibu mpaka linatoka lote mkononi kama mkanda. Vitanzi vya juu vimebaki wazi, vimelala kwenye uzi wa pamba. Niliviokota kwa sindano nyembamba ya milimita 3, maana nene huvivuta na kuviharibu.

Kuna jambo la kujua unapofuma kwenda chini kutoka kitambaa kilichofumwa kwenda juu. Vitanzi unavyookota si vilevile; ni zile nafasi kati ya vitanzi, kwa hiyo utapungukiwa na kimoja, na kazi yote mpya inakaa nusu kitanzi pembeni. Kwenye ufumaji wa kawaida jicho halioni. Kwenye ribu linaona mara moja, kwa sababu mistari ya ribu inakatika na kuhama. Hivyo usikate katikati ya ribu ili kuirefusha. Toa ribu yote na uunganishe juu yake, kama tulivyofanya. Nilipunguza vitanzi hadi 190 kwenye mstari wa kwanza ili pindo lishike mwili, nikafuma ribu ya mbili-mbili (vitanzi viwili vya mbele, viwili vya nyuma) mistari 18, nikafunga kwa sindano ya kushonea ili ukingo uvutike.

Uzi ulitoka kwenye nusu ya bonge la awali aliyokuwa nayo, kama gramu 50. Mwalimu alikuwa amenunua bonge jipya kwa wasiwasi, namba ya rangi ileile lakini lilipakwa rangi wakati mwingine. Dukani chini ya taa vilifanana. Nje juani lile jipya lilikuwa na wekundu zaidi. Nililitumia kwa mishono ya ndani tu, mahali ambapo hata bibi mwenyewe hataliona.

Ukanda na vifungo

Kwa ukanda wa mbele, uwiano ni ule wa kitambaa chenyewe: vitanzi 21 kwa mistari 30, yaani 7 kwa 10. Katika kila mistari kumi unaokota saba na kuruka mitatu, ukiitawanya. Mistari 154 inatoa karibu vitanzi 108. Ribu ya mbili-mbili inayoanza na kuishia kwa vitanzi viwili vya mbele inataka idadi inayogawanyika kwa nne na kubaki mbili, kwa hiyo ama 106 au 110. Nilichagua 106. Ukanda mfupi kwa nywele moja kuliko ukingo husimama vizuri. Mrefu kwa nywele moja huanza mawimbi.

Uzi wa ukanda ulikuwa uleule wa ukanda wa zamani. Kila ukanda wa zamani ulikuwa na vitanzi 154 kwa mistari 9, yaani vitanzi 1,386. Mpya ni vitanzi 106 kwa mistari 15, yaani 1,590. Upana umeongezeka kwa theluthi mbili, na uzi ulioongezeka ni mdogo; ndiyo picha halisi ya jinsi uzi ulivyokuwa umepotea kwenye mawimbi. Uzi uliofumuliwa hutoka umejikunja-kunja, nao niliuviringisha kwenye mgongo wa kiti na kuupitishia mvuke kwa mbali kabla ya kuufuma.

Matundu ya vifungo niliyaweka kwenye mstari wa nane, katikati ya ukanda, na kila moja ndani ya bonde la ribu, pale penye vitanzi viwili vya nyuma. Tundu likikaa bondeni linajificha na kingo za ribu zinalishika. Kutoka juu, tundu la kwanza ni kitanzi cha 3 na cha 4, kisha kila baada ya vitanzi 16, ili yote yaangukie bonde. Matundu sita yanaishia kwenye kitanzi cha 84. La tatu liko sentimita 17 kutoka shingoni, na hapo ndipo kifua cha bibi kilipo. Kama lisingeangukia hapo ningeanzia hapo na kuhesabu kwenda juu na chini. Vinabaki vitanzi 22 chini, kama sentimita 10 zilizo wazi. Nilitaka ziwe wazi. Bibi anakaa kwenye kigoda, na sweta lililofungwa hadi mwisho humpanda tumboni mtu akiketi.

Vifungo vya zamani vilikuwa vya milimita 15, vyembamba, vya kung'aa. Vidole vya bibi vimekakamaa kwa baridi na umri. Tulichukua vya milimita 20, vinene ukingoni, vya rangi ya mbao. Nilifuma kipande cha majaribio chenye tundu moja kwanza, nikampa mwalimu afunge na kufungua akiwa amevaa glavu: kifungo kipite bila kulazimishwa, na ukitikisa kisitoke chenyewe. Nyuma ya kila kifungo, kwa ndani, niliweka kifungo kidogo bapa na kuvishona pamoja, ili mvuto uende kwenye kifungo na si kwenye vitanzi.

Mwisho kabisa, mvuke kwenye mishono tu, kwa ndani, kitambaa chenye unyevu katikati na pasi ikiwa hewani, kisha sweta likalala mezani mpaka likapoa lote. Ribu hazikuguswa.

Mwalimu aliuliza, na wengi huuliza, kama hatungeweza kukata tu kama anavyoona kwenye video. Ni kweli watu hukata. Visiwa vya Shetland, huko Skotilandi, na Norway wana desturi ndefu ya kufuma sweta kwa mzunguko kama mfuko na kulipasua mbele kwa mkasi. Lakini kule ni sufu yenye magamba, nyuzi zinashikana zenyewe hata zikikatwa, na mahali pa kukata pamepangwa tangu mwanzo. Akriliki huteleza. Ukiikata bila kuishonea cherehani mistari miwili kila upande, inaachia, na ukiishonea unapata ukingo mgumu kama kadibodi. Ovaloki ya fundi jirani ingefanya hayo hayo mikononi mwa bibi.

Jambo la moto

Nililisema hili kwa mwalimu kabla hajalichukua, na ninaliandika kwa uzito uleule. Bibi anapikia kuni, kwenye mafiga. Akriliki ikishika moto huyeyuka na kuganda kwenye ngozi, tofauti na sufu ambayo huwaka kwa shida. Ndiyo maana sikukubali wazo la mikono mipana ya kukunjwa, lililojitokeza katikati ya kazi, na ribu za mikononi zikaachwa zinabana. Sehemu iliyo wazi chini nayo ni fupi, haining'inii mbele. Nilimwomba amwambie bibi kwa Kikinga, lugha ya kwao, kwa maneno yake mwenyewe, kwamba hili ni la kutembelea, kanisani na kulalia, na jikoni avae lile la zamani la sufu. Mwalimu alinijibu, “Nitamwambia, mama, ila unawajua wazee.” Ninawajua, na ndiyo maana tulifuma kwa kulifikiria.

Kufua nako: maji ya baridi au vuguvugu, kukamua kwa kufunga ndani ya taulo, kuanika limelala juu ya mkeka. Likitundikwa kwenye kamba likiwa na maji, utepe wa begani utashika, lakini mikono itavutika chini yake.

Liliporudi baada ya msimu wa baridi nililipima upya. Bega hadi bega 38 na nusu. Mkono kutoka mfupa wa shingo 73. Pindo linaruka kurudi likivutwa. Ukanda umenyooka, na kifungo cha tatu hakiachami. Kilichoanza ni vinyweleo kwenye kwapa na kiwiko cha kulia, jambo ambalo akriliki haikwepi. Nimemwelekeza mwalimu avikate kwa mkasi mdogo, asivivute kwa vidole. Kiwiko hicho kitahitaji kiraka cha kufuma msimu ujao, na gramu kama 20 zilizobaki za bonge la awali zimewekwa kwa ajili hiyo.